Madeni sita, mshahara mmoja: uanze kulipa lipi?

Mdogo wangu yuko Marekani, siku moja kanipigia analalamika ana deni kubwa la kadi ya mkopo, riba asilimia 24, usingizi hapati. Nikamuuliza asilimia 24 kwa mwezi? Akanyamaza kidogo, akasema hapana dada, kwa mwaka. Nilicheka mpaka machozi, maana mimi wakati huo hapa Nkuhungu, Dodoma, nilikuwa nampelekea asilimia 20 kila mwezi jamaa mmoja mwenye ofisi ya chumba kimoja, na kadi yangu ya benki anakaa nayo yeye. Kicheko kilipoisha nikaanza kupiga hesabu, ndo usingizi ukaniishia na mimi.

Kadi za mkopo huku kwetu wenye nazo ni wachache, ila ugonjwa ni ule ule. Yule wa kule analipa kile kiwango cha chini kila mwezi na deni haliondoki, huyu wa Dodoma anapeleka riba kila tarehe 25 na deni la msingi limekaa palepale linamwangalia. Ninachoandika hapa ni njia niliyopita mwenyewe, mtumishi wa kawaida tu wa pale Mtumba kwenye ofisi za serikali, sio mtu wa benki. Namba ni za kwangu, zako zitakuwa nyingine ila hesabu ni hiyo hiyo.

Hatua ya 1: Yaandike yote, mpaka yale ya aibu

Chukua daftari, sio simu. Simu ndo hiyo hiyo inayokukopesha, ukiishika kidogo inaingia meseji kwamba unastahili kukopa hadi 200,000 na hesabu yako inaishia hapo. Mimi nilikaa jikoni usiku watoto wamelala, nikaandika anayenidai nani, kimebaki kiasi gani leo (sio nilichokopa, kilichobaki), riba au ada yake, tarehe, na nimeweka dhamana gani. Ilikuwa hivi:

Benki, mkopo wa mshahara niliochukua nikanunua kiwanja Nala: imebaki 7,800,000, makato 265,000 kwa mwezi, riba asilimia 17 kwa mwaka, bado miezi 38.

Jamaa wa kausha damu (mikopo ya mtaani ya riba kali ndo tunaiita hivyo), yule wa ofisi ya chumba kimoja: 800,000, riba 160,000 kila mwezi, kadi anayo yeye na namba ya siri anaijua.

Kikoba cha ofisini, kikundi chetu cha kuweka na kukopeshana: 600,000, asilimia 5 kwa mwezi ya kilichobaki.

Dada yangu wa Hombolo: 400,000, hana riba ila ana kalenda, nitaeleza.

Mangi wa dukani: 145,000, sukari, mchele, sabuni, vocha, mambo ya watoto.

Simu, ile huduma ya kukuongezea hela muamala ukipelea: 90,000.

Hilo la mwisho nusura nilisahau kabisa, na hapa naomba usome taratibu. Jamaa wa kausha damu ananipigia, Mangi nikipita anakohoa, kikoba wanasoma majina kwenye kikao. Simu haikudai, yenyewe inachukua. Mteja wangu wa mafuta ya alizeti akinitumia 42,000, kabla sijaishika imeshamegwa, jioni nanunua umeme inapelea, naongezewa, nimerudi kulekule. Ada yake kwangu ilikuwa inafika kama 900 kwa siku. Haifiki hata buku, nani atashtuka? Zidisha mara 30 sasa. Ni 27,000 kwa deni la 90,000.

Kwa hiyo zima kelele za wadai kichwani wakati unaandika. Anayepiga kelele sana sio lazima awe ndo anayekula sana.

Usiache pia vitu viwili ambavyo watu huvisahau. Kama ulimsainia mtu udhamini, andika pembeni kwa penseli, maana akikimbia lile ni lako. Na kama ulisoma kwa mkopo wa Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu na umeajiriwa, ile asilimia 15 ya mshahara wa msingi inayokatwa ni deni kama madeni mengine, kuna kijana ofisini kwetu alikuwa anaiita kodi.

Mtumishi ingia ESS, ule mfumo wa watumishi wa mtandaoni, uangalie salari slipu yako, utaona makato na salio. Ila ukitaka kujua ukilifunga deni leo utalipa ngapi, muulize afisa mikopo akupe kwa maandishi. Usipige kwa kukisia.

Halafu mwambie mwenzako. Baba watoto alikuwa analijua la benki na la kikoba tu. Nilimwambia asubuhi anafunga viatu anaenda saiti, makusudi, nikijua hana muda wa kugomba. Aligomba jioni. Ila kuanzia hapo nikaacha kuwa naficha simu chini ya mto, na hilo peke yake ni nafuu.

Hatua ya 2: Kila laki inakula shilingi ngapi kwa mwezi?

Hii ndo hatua yenyewe, kama utafanya moja tu kwenye hizi fanya hii. Wadai wanakupa bei kwa lugha tofauti tofauti, mmoja anasema asilimia kwa mwaka, mwingine kwa mwezi, mwingine ada kwa siku, mwingine anakwambia "ukichukua laki tano unarudisha laki sita na nusu" hata neno riba halitaji. Huwezi kulinganisha mahindi kwa debe na mahindi kwa kilo mpaka uyapeleke yote kwenye mzani mmoja. Mzani wangu ulikuwa huo: kila laki moja ninayodaiwa, kwa mwezi mmoja, inanila shilingi ngapi.

Unachukua unacholipa kwa mwezi kama riba na ada tu (sio rejesho lote), unagawa kwa deni, unazidisha kwa laki. Yangu yakatoka hivi: simu 30,000. Kausha damu 20,000. Kikoba 5,000. Benki 1,400 na kidogo. Dada na Mangi, sifuri.

Niliangalia ule mstari wa benki muda mrefu. Miaka yote hiyo nilikuwa naichukia benki kwa sababu ndo deni kubwa, karibu milioni nane, na makato yake nayaona kila mwezi kwenye slipu. Kumbe kwa kila laki ndo ilikuwa ya bei rahisi kuliko yeyote anayenitoza riba. Na yule jamaa nilishampelekea riba miezi mitano, 160,000 mara tano, laki nane kamili, yaani nimeshalipa deni lote na bado nadaiwa lote.

Sasa kuna mtego. Asilimia mbili zinaweza kufanana kwa jina na zisifanane mfukoni. Ukikopa milioni moja kwa miezi 12 kwa asilimia 3.5 kwa mwezi, na riba inapigwa kwenye kile kilichobaki, unarudisha kama 103,500 kila mwezi na riba yote ya mwaka inakuwa kama 242,000. Ila kama inapigwa kwenye ile milioni yote mpaka mwezi wa mwisho, hata ukiwa umebakiza laki moja, riba ni 420,000. Asilimia ni ile ile 3.5! Swali la kumuuliza mkopeshaji ni hili: riba inapigwa kwenye nilichokopa au kwenye kilichobaki? Akianza kuzunguka zunguka, ni kwenye ulichokopa.

Hiyo 3.5 sijaiokota njiani. Chini ya Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 wakopeshaji wamepangwa kwa madaraja, daraja la pili ndo hawa wasiopokea amana, kampuni za mikopo na watu binafsi wanaokopesha, na Benki Kuu iliwawekea ukomo wa riba wa asilimia 3.5 kwa mwezi. SACCOS, yaani vyama vya akiba na mikopo, ni daraja la tatu, vikoba la nne. Kwa hiyo ukikuta mtu anakutoza 20 kwa mwezi, muombe tu kwa upole uione leseni yake. Mimi wangu aliniambia iko Dar.

Hatua ya 3: Jua unabakiwa na ngapi, kwa ukweli

Fupi hii. Mkononi baada ya makato yote nilikuwa napata 600,000, na mafuta ya alizeti ninayoyatoa Kibaigwa nauzia watu ofisini yanaleta kama 150,000. Jumla 750,000. Matumizi: kodi 100,000, chakula 190,000, nauli 60,000 (Nkuhungu mpaka Mtumba ni mwisho mmoja wa mji mpaka mwingine), umeme maji na gesi 45,000, shule 50,000, hisa za kikoba 20,000, vocha na michango 20,000. Inakuwa 485,000. Inabaki 265,000.

Toa riba ya jamaa 160,000, toa riba ya kikoba 30,000. Imebaki 75,000, hapo sijapunguza deni hata la mtu mmoja na simu bado inamega. Ukiona hivi ujue kujibana peke yake hakutakutoa.

Hela ya baba watoto sikuiweka. Sio kwamba haleti, ni fundi ujenzi, hela yake haina tarehe, na hela isiyo na tarehe usiipangie deni lenye tarehe. Ikija inakuwa bonasi.

Hatua ya 4: Ziba pale panapovuja kabla hujachota

Usikope jipya lolote wakati unapanga. Futa apu za mikopo, na sio kuficha, futa. Novemba 2024 Benki Kuu ilitoa orodha ya apu 69 zilizokuwa zinakopesha bila leseni ikazipiga marufuku, kabla hujamlipa mtu wa apu hata mia hakikisha kwanza unayemlipa ni nani. Kama kuna wanaotuma meseji za kukudhalilisha kwa watu walioko kwenye simu yako, hizo meseji zihifadhi, piga picha ya skrini, kuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 na Tume yake, na Benki Kuu nayo inapokea malalamiko, jengo lao lipo hapa hapa Dodoma.

Ile huduma ya kuongezewa hela nilijitoa kabisa siku niliyoilipa. Kujitoa ni dakika mbili kwenye menyu, ila usipojitoa utarudi, najijua mimi na nakujua na wewe.

Hatua ya 5: Chagua njia

Njia zipo nne na hapa ndo watu wanagombana. Wapo wanaosema anza na deni dogo, ulimalize, upate moyo, uende linalofuata, Marekani wanaita mpira wa theluji, unavyobingirika unazidi kuwa mkubwa. Sisi Dodoma theluji tutaitoa wapi, ila wazo linaeleweka. Wapo wanaosema anza na lenye riba kali bila kujali ukubwa. Mimi niko upande wa riba kali, kwa sababu moyo wangu ulishapata nguvu ya kutosha nilivyoona ile 20,000 kwa kila laki. Lakini kama unajijua ni mtu wa kukata tamaa mwezi wa pili, anza na dogo, mpango mzuri ulioachwa njiani haukusaidii kitu. Kwangu bahati deni dogo kuliko yote, la simu, lilikuwa pia ndo kali kuliko yote, ugomvi ukaisha.

Njia ya tatu ni kuuza kitu. Kipimo changu: jumlisha madeni ya riba kali, linganisha na unachobakiza kwa miezi 12 kabla ya riba. Kama madeni yamezidi, uza, usisubiri dalali aje ajue una shida. Kwangu hayakuzidi ndo maana kiwanja cha Nala kipo mpaka leo. Yangezidi ningekiuza, na nasema hivyo nikijua kuna ndugu zangu watasema kiwanja hakiuzwi. Wakalipe wao.

Njia ya nne ni kukopa sehemu ya bei rahisi ufunge ya bei ghali. Hii inaweza kukutoa na inaweza kukuzika, tofauti ni ndogo sana, kwa hiyo nitakuonyesha zote mbili kwa namba zangu.

Ya kukuzika kwanza. Nilienda benki, afisa mikopo kijana mzuri, ana tai, kanikaribisha na maji. Akasema dada kwa nini unateseka, fanya topapu, tukuweke milioni 12 kwa miezi 72, tunafunga ule wa zamani, unaondoka na milioni 4 na laki 2 mkononi, na makato yako hayaongezeki. Yalikuwa 265,000, yatakuwa 267,000. Elfu mbili tu!

Na hakudanganya. Ndo utamu wenyewe. Nikarudi nyumbani na daftari. Mkopo wa zamani, miezi 38 mara 265,000, ni 10,070,000, nimemaliza. Topapu, miezi 72 mara 267,000, ni 19,224,000. Tofauti ni 9,154,000. Yaani ile milioni 4 na laki 2 ya kuondoka nayo ningeilipia milioni 9 na ushee, hapo sijaweka bima ya mkopo wala ada. Makato hayaongezeki kwa sababu kinachoongezeka ni miaka. Na mimi shida yangu ilikuwa kama laki tisa, ya jamaa 800,000 na ya simu 90,000, hiyo zaidi ya milioni tatu inayobaki ingeenda wapi? Kwenye msingi wa nyumba Nala, najijua, nondo zingesimama pale mpaka zishike kutu.

Sasa ya kukutoa. Tuna SACCOS ya kazini, nilikuwa na akiba ya 400,000 iliyolala, na wanakopesha mpaka mara tatu ya akiba. Nikaomba 900,000, miezi 12, asilimia 1.5 kwa mwezi kwenye kinachobaki. Rejesho ni kama 82,500. Riba ya mwaka mzima ni kama 90,000. Mwaka mzima! Wakati jamaa alikuwa anachukua 160,000 kwa mwezi mmoja.

Kwa hiyo kabla hujasaini mkopo wa kufunga mikopo jiulize vitu vitatu. Kila laki ya mpya inakula ndogo kuliko ya zamani? Jumla yote nitakayorudisha mpaka mwisho ni ngapi, sio makato ya mwezi? Na kiasi ninachokopa ni kile kile ninachofunga, hakijazidi? Ikipita vyote vitatu saini. Ukigundua umeongeza "kidogo cha kutumia", rudi nyumbani ukalale kwanza.

Mtumishi kumbuka pia theluthi moja: makato hayatakiwi kukuacha chini ya theluthi ya mshahara wako. Kama umeshafika hapo njia hii imefungwa kwa makato ya mshahara, na watu wengi wakifungiwa hapo ndo wanaenda kwa kausha damu. Bora urudi njia ya tatu.

Na ile mikopo ya asilimia 10 ya halmashauri, ya vikundi vya wanawake, vijana na wenye ulemavu, haina riba na inavutia, lakini ni ya biashara ya kikundi. Ukiichukua ukalipie kausha damu umewaingiza wenzako kwenye shimo lako.

Hatua ya 6: Nenda kaongee nao, kila mmoja kwa lugha yake

Dada yangu analima zabibu Hombolo. Kabla ya kwenda nilijiuliza hela yake ina kazi gani na lini, maana deni lisilo na riba lina siku yake ya kuuma. Yake ni pale mizabibu inapoanza kuchipua baada ya kupogolewa, lazima dawa ya ukungu iwepo, ikikosekana mavuno yameondoka. Nikamwambia dada, nitakuanza mwezi fulani, dawa itakuwa imepatikana. Akasema ungesema ukweli tangu mwanzo nisingekuwa nimemkopa jirani. Hiyo ilinikaa.

Mangi nilimpa 25,000 ya heshima mwezi wa kwanza, nikamwambia daftari langu alifunge, kuanzia leo nanunua kwa taslimu, na lile la zamani lina foleni. Alicheka akasema hajawahi kusikia deni linapanga foleni, lakini alikubali. Najua kwa hesabu kali Mangi hakustahili hata mia mwezi huo, lakini watoto wangu ndo wanaotumwa pale.

Kikoba, sema kabla ya kikao, sio kwenye kikao. Mtafute mweka hazina pembeni.

Jamaa wa kausha damu ndo usiende peke yako na usiende na nusu. Ukimpelekea laki tatu anaihesabu riba na faini, deni linabaki. Nilimpigia nikamwambia nina hela yako yote ya msingi, tukutane ofisi ya mtaa. Hakupenda. Alikuja na begi dogo la mkononi, akalifungua mezani kwa mwenyekiti, humo ndani kadi za benki zimefungwa na mpira kama karata, nyingi tu, kila moja ina kipande cha plasta kimeandikwa jina kwa kalamu. Yangu aliitoa katikati. Namba yangu ya siri ilikuwa imeandikwa juu ya ile plasta.

Akadai na riba ya mwezi mpya, maana tarehe yake ilikuwa imepita siku tatu. Tukavutana, mwenyekiti akaingilia, tukaishia 40,000 nikaitoa kwenye hela ya mafuta. Kosa ni langu, ningeenda siku mbili kabla ya tarehe isingekuwepo. Aliandika amepokea fedha zote na hanidai, akasaini, mwenyekiti akagonga mhuri, nikaipiga picha palepale. Ile karatasi tuliyoandikishana mwanzo nayo nilichukua nakala yake halisi. Siku hiyo hiyo nikaenda benki, kadi ya zamani wakaifunga nikachukua mpya. Kubadilisha namba ya siri tu hakunitoshi, mtu amekaa na kadi yangu miezi mitano.

Hatua ya 7: Lipa, teleza, endelea

Riba ya jamaa imetoka, rejesho la SACCOS limeingia, nikawa nabaki na 182,500 kwa mwezi. Yote ikawa inaenda kwa mmoja tu kwa wakati, kikoba kwanza, halafu Mangi na dada. Kwenye karatasi miezi 7 naimaliza. Nilitumia 9. Mwezi wa pili palitokea msiba Mpwapwa, nikapeleka 60,000 tu kikoba. Mwezi wa tano alizeti ilipanda bei wateja wakapungua. Hizo nilizitegemea kutokea ila sikujua zitakuja na sura gani. Ukiteleza usianze mpango mpya wala usikope kuziba, sogeza tarehe, wajulishe watu, mwezi ujao rudi kwenye mstari.

Hela mbili za baba watoto ziliingia kwenye muda huo, moja ikaenda yote Hombolo kwa wakati, dawa ya mizabibu ikanunuliwa.

Kila unapofunga deni chukua karatasi. Hata kikoba, hata SACCOS. Taasisi zenye leseni zinapeleka taarifa zako kwenye kampuni za taarifa za mikopo kama Creditinfo, na deni lililofungwa bila kusomeka limefungwa linakuja kukuzuia ukiwa umeshasahau.

Hatua ya 8: Benki

SACCOS ilipoisha mwezi wa 12, ile 265,000 ikarudi yote kuwa ya kwangu, kiasi kile kile benki inachokata. Mbili za kwanza niliziweka akiba, zitoshe matumizi ya mwezi mmoja, ili simu ikinishawishi tena niwe na pa kuchota. Baada ya hapo ndo nikaanza kuifikiria benki, na hapa usikurupuke. Uliza kama wanatoza ada ukilipa kabla ya muda. Halafu ukipeleka hela ya ziada, waambie kwa barua ipunguze miezi, sio makato. Wasipoelekezwa wanaweza kukupunguzia makato ya mwezi, utafurahi, na muda wako unabaki uleule na riba inaendelea kula.

Yangu niliipeleka Jumatatu, mistari minne tu. Kijana wa tai akaisoma, akaniuliza kwa nini nisifanye topapu. Nikamwomba mhuri kwenye nakala yangu.